Paka haondoki, mzio nao haupoi: kwa nyumba zetu za Dar tunafanyaje?

#1 Kibaraza_Sinza
Wakuu, salaam. Naomba uzi huu usiwe wa "mfukuze tu yaishe".

Hali iko hivi. Chumba na sebule, nyumba ya kupanga, uani ni pa wote. Paka dume mmoja, miaka miwili, hajahasiwa. Mtu mmoja wa humo ndani anapiga chafya mfululizo asubuhi, macho yanawasha, pua inaziba usiku. Kifua hakibani. Madirisha ni ya nondo na wavu wa mbu, AC hakuna, panga boi linazunguka usiku kucha.

Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa watu wanaofunga madirisha mwaka mzima. Sisi ukifunga dirisha mwezi wa pili umelala ndani ya tanuri. Kipi kinafanya kazi kwa mazingira haya, na kwa vipimo gani? Nimesikia pia kumnyoa paka kunasaidia.

#2 Nyau_wa_Feri
Kumnyoa ni kumwonea mnyama. Mzio hautoki kwenye unywele. Unatoka kwenye protini iitwayo Fel d 1, na hiyo inatengenezwa na tezi za mafuta za ngozi, mate, na tezi za karibu na mkundu. Paka anajilamba, mate yanakauka mwilini, yanapukutika kama unga usioonekana. Mnyoe awe kipara kama yai, ngozi itaendelea kutoa mafuta na ulimi utaendelea kulamba.

Sehemu ya chembe zinazobeba protini hiyo ni ndogo kuliko mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Zinaelea saa nyingi kabla ya kutua, na zikitua zinanata: ukutani, kwenye pazia, kwenye kochi, kwenye shati la kuvaa kesho. Ndiyo maana mtu anaingia chumba ambacho paka hayumo na bado pua inachuruzika.

Dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo nyingi kuliko jike, na kuliko dume aliyehasiwa. Umejitajia mwenyewe pa kuanzia.

#3 Kidaka_Tonge
Miaka miwili hajahasiwa na anakaa sebuleni? Basi kochi lako lina mengi zaidi ya protini.

#4 Mama_Chetezo
Mnamkimbilia paka mbio sana. Someni tena bandiko #1: pua inaziba usiku, chafya asubuhi. Paka analala juu ya godoro? Kama halali, mbona dalili zinafuata kitanda na hazimfuati paka?

Hiyo ni tabia ya utitiri wa vumbi. Wadudu wasioonekana, wanakula magamba ya ngozi yetu, wanaishi kwenye godoro na mto, na kinachotuumiza ni kinyesi chao. Wanapenda unyevu wa hewa uliozidi asilimia 50, na Dar kushuka chini ya hapo ni nadra. Masika wanafanya harusi.

Mleta mada tuambie: godoro gani, mto wa nini, kuna zulia? Na usiku mnachoma nini? Dawa ya mbu ya kuzungusha, udi, ubani, moshi wa jiko la mkaa la jirani, vyote vinachokoza pua ambayo tayari imevimba. Moshi si mzio, ila unafanana nao mpaka basi.

#5 Mganga_wa_Mbuzi
Kazi yangu ni mifugo, kwa hiyo nasemea upande wa paka tu.

Kumhasi dume ni upasuaji mfupi. Kwa paka mzima chakula kinakatwa usiku wa kuamkia siku hiyo, maji yanabaki. Kitoto cha miezi michache hakishindishwi njaa muda mrefu hivyo, fuata anachosema atakayempasua. Protini haipungui siku hiyo hiyo. Homoni inashuka taratibu, hesabu wiki kadhaa. Usimhukumu daktari siku ya tatu.

Na akirudi anasikia maumivu, MSIMPE PANADO. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, hata kipande cha kidonge kimoja kinaweza kumuua.

#6 Mzee_wa_Kigamboni
Mnazunguka. Kipimo ni rahisi: mwenye mafua aende Dodoma wiki mbili. Akipona, ni paka. Asipopona, si paka.

#7 Nyau_wa_Feri
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umechanganya mambo mawili ndani ya sufuria moja. Dodoma hakuna paka wake, sawa. Lakini Dodoma pia ni kukavu, na utitiri hauupendi ukavu. Akipona hujui kipi kimemponya.

Kipimo chenye akili ni kulala hapa hapa Dar, unyevu ule ule, nyumba isiyo na paka, wiki mbili, na shuka zilizofuliwa huko huko. Asibebe mto wake wala blanketi lake. Nguo za kwake zote zina Fel d 1.

#8 Mama_Chetezo
Tena kuna kosa kubwa kuliko hilo: kumpeleka paka kwa shangazi siku nne halafu kutangaza "mafua yapo, paka hana hatia". Protini inabaki nyumbani. Bila usafi mkubwa inachukua miezi minne hadi sita kushuka ifike kiwango cha nyumba isiyo na paka. Siku nne hazisemi lolote.

#9 Mzee_wa_Kigamboni
Marahaba. Nimekubali ya unyevu. Ya miezi sita bado naitafuna.

#10 Kibaraza_Sinza
Majibu kwa #4: godoro la sponji inchi 6, halina foronya. Mito miwili ya sufi, ya zamani. Sebuleni zulia la manyoya. Dawa ya mbu ya kuzungusha kila usiku. Paka analala miguuni kitandani, na mchana juu ya kapu la nguo safi.

#11 Mama_Chetezo
Mito ya sufi ya zamani! Nimemaliza, mheshimiwa hakimu.

#12 Dobi_Mstaafu
Chumba cha kulala ndicho cha kupambania, kwa sababu humo unavuta hewa saa 7 au 8 mfululizo. Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu, kwa sababu ukianza na sakafu ukamalizia na panga boi umefanya kazi mara mbili.

Panga boi kwanza. Zima swichi. Chukua foronya kuukuu, ivishe kwenye panga moja kama unavyoivalisha mto, bana juu na chini, vuta polepole kuja kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya. Ukifuta kwa kitambaa kikavu linakumwagikia kitandani, ukiwasha usiku linamaliziwa kusambazwa.

Kisha wavu wa dirisha na pazia. Wavu uupanguse kwa sponji yenye maji ya sabuni, pande zote mbili. Pazia zito livulie, weka kitambaa chepesi kinachofulika kila wiki mbili.

Ukuta: kitambaa kibichi, kuanzia usawa wa kichwa kushuka. Watu wanasahau ukuta, na paka anajisugua pale pale kwenye kona.

Godoro: mfuko wenye zipu unaolifunika lote, pande sita. Shuka yenye lastiki haihesabiki. Kitambaa kiwe kimefumwa kwa kubana sana. Matundu ya mikroni 10 yanazuia utitiri, kwa protini ya paka tafuta chini ya mikroni 6. Mfuko wa nailoni unazuia vyote lakini kwa joto letu utaamka umeloa, hivyo weka shuka nzito ya pamba juu yake. Pale zipu inapoishia bandika selotepu, maana tundu la hapo ndilo mlango.

Mito ya sufi itupe. Haifuliki ikarudi kuwa mto.

Shuka na foronya kila wiki, maji ya nyuzi joto 60. Huna mashine? Lita 10 zinazochemka, changanya na lita 10 za bomba. Maji ya bomba ya Dar ni kama nyuzi 27, kwa hiyo unapata 63 hivi, beseni likishakula joto lake unabaki na 60. Loweka nusu saa, fua, suuza mara mbili.

Sakafu mwisho. Fagio la chelewa lisiingie humo, linapeperusha. Deki kwa kitambaa kibichi, badilisha maji yakichafuka.

#13 Nyau_wa_Feri
Nakazia #12, na sahihisho dogo: maji ya moto ni kwa ajili ya kuua utitiri. Protini ya paka inayeyuka kwenye maji, hata ya baridi na sabuni yanaiondoa vizuri ukisuuza kwa wingi. Kwa hiyo kama mkaa umepanda bei, chemsha kwa ajili ya shuka na foronya, nguo za kawaida zifue baridi.

#14 Dobi_Mstaafu
Sawa kabisa. Ila utajuaje kipi kinakusumbua mpaka uchague? Chemsha.

#15 Tabata_Relini
Kwa nini mnajitesa? Godoro toa nje, jua la saa sita, geuza, kwisha habari.

#16 Dobi_Mstaafu
Jua linaua utitiri wa juu juu, halifiki katikati ya inchi 6. Na hata ukifa wote, kinyesi kinabaki, nacho ndicho kinachowasha. Anika, ndiyo, inapunguza unyevu. Halafu livalishe mfuko.

#17 Fundi_Panga_Boi
Kuhusu hewa. Mashine ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA inanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye chumba chenu.

Chumba cha futi 10 kwa 10, kimo futi 9, ni kama mita za ujazo 25. Unataka hewa yote ipite kwenye filta mara 5 kwa saa, yaani mita za ujazo 125 kwa saa. Namba hiyo iko kwenye boksi, imeandikwa CADR. Vimashine vidogo vya mezani vingi havifiki hata nusu. Umeme: wati 40 kwa saa 10 ni uniti 0.4 kwa usiku, uniti 12 kwa mwezi. Wewe wa Luku ya matumizi madogo unayelinda mstari wa uniti 75, piga hesabu kabla.

Sasa dirisha likiwa wazi, mashine inasafisha hewa ya Sinza nzima. Funga, washa saa moja kabla ya kulala, mlango umefungwa, paka nje. Ukiingia fungua dirisha kidogo, punguza panga boi liwe namba 1. Panga boi kwa kasi linainua kila kilichotua.

#18 Tabata_Relini
Mimi nasema dirisha wazi ndiyo mashine yenyewe. Upepo wa bahari unapita, unatoa Fel d 1 nje bure, bila Luku.

#19 Fundi_Panga_Boi
Upepo unatoa ya hewani. Ya kwenye kochi inabaki ikisubiri mtu akae. Na upepo huo huo unaingiza vumbi la barabara na moshi wa taka za jirani.

#20 Tabata_Relini
Hivyo vumbi la barabara nalo ni paka?

#21 Fundi_Panga_Boi
Kwa pua iliyovimba, haliulizi kitambulisho.

#22 Binti_wa_Magomeni
Hakuna aliyesema kumuogesha paka. Maji ya uvuguvugu, kijiko cha Dettol, kila Jumapili. Anang'aa.

#23 Mganga_wa_Mbuzi
Dada, acha leo. Ile dawa ina chloroxylenol, jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuitoa. Anajilamba, anaimeza, ulimi unapata vidonda. Hali kadhalika dawa za kuogeshea ng'ombe na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin: paka anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Soma kibandiko, kama hakijataja paka, usitumie.

Kuogesha kwenyewe kunapunguza protini, lakini ndani ya siku chache inarudi ilipokuwa. Ukitaka matokeo ni mara mbili kwa wiki, na ni paka wachache watakaokuruhusu. Kinachowezekana ni kumpangusa kila siku kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu na kukamuliwa, mgongo, ubavu, shingo, kisha kitambaa kikafuliwe. Apanguse asiye na mzio, tena akiwa uani.

Choo chake pia. Mchanga wa ujenzi una vumbi jepesi, uchekeche, tupa unga, bakisha punje. Usiweke chumbani.

#24 Kidaka_Tonge
Kumuogesha dume wa mtaani mara mbili kwa wiki. Plasta utanunua katoni.

#25 Ubungo_Maziwa
Kuna chakula cha paka chenye yai. Purina wanakitengeneza, kinaitwa LiveClear. Kuku hutengeneza kingamwili dhidi ya Fel d 1, kingamwili inakaa kwenye kiini cha yai, yai linakaushwa na kupakwa kwenye chakula. Paka akitafuna, kingamwili inaing'ang'ania protini kwenye mate na kuizima kabla hajajilamba. Kwa tafiti zao wenyewe, protini hai kwenye manyoya ilishuka kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya tatu. Haifiki sifuri, na lazima kiwe ndicho chakula chake cha kila siku.

#26 Binti_wa_Magomeni
Kwani yai la kienyeji likichemshwa haliwi hilo hilo? Kuku wetu na paka wanalala banda moja.

#27 Ubungo_Maziwa
Swali zuri kuliko unavyodhani! Kuku anayeishi na paka anaweza kweli kuwa na kingamwili hiyo. Lakini hujui ni kiasi gani, na ukilichemsha umeiua. Ukimpa bichi unakaribisha bakteria wa salmonela.

#28 Kidaka_Tonge
Paka aliyezoea dagaa wa Feri, leo mmpakie yai la unga. Atahama kwa hiari yake, tatizo limeisha.

#29 Kaunta_ya_Dawa
Mmeogesha paka, mmefua ukuta, mwenye mzio hamjamgusa. Kwa mtu mzima:

Cetirizine mg 10 au loratadine mg 10, mara moja kwa siku. Chlorpheniramine, ile mnayoiita Piriton, inafanya kazi lakini inalevya usingizi, dereva asiiguse. Hizi zinatuliza chafya na macho kuwasha. Pua iliyoziba haziiwezi sana.

Pua iliyoziba inahitaji dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama fluticasone au beclomethasone. Watu wanaiacha siku ya tatu wakisema feki. Inahitaji kila siku, na nguvu yake kamili unaiona baada ya wiki moja hadi mbili. Namna ya kupuliza ndiyo inayokosewa: inamisha kichwa kidogo mbele, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza ncha upande wa sikio, usielekeze ukuta wa katikati. Vuta polepole. Ukiisikia kooni umevuta kwa nguvu, imepita moja kwa moja. Ukielekeza katikati utatoka damu.

Kabla ya kupuliza, suuza pua: maji yaliyochemshwa yakapoa, ml 250, chumvi nusu kijiko cha chai. Maji ya bomba mabichi hayaingii puani.

#30 Mzee_wa_Kigamboni
Na vile vichupa vya kuzibua pua papo hapo? Ukiweka tu, sekunde pua wazi.

#31 Kaunta_ya_Dawa
Xylometazoline na ndugu zake. Siku 5, ikizidi sana 7. Baada ya hapo pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unaongeza, inaziba zaidi. Watu wengi wanaosema "mzio umekuwa sugu" wanabeba kichupa mfukoni.

#32 Muuguzi_wa_Zamu
Naongeza jambo ambalo mleta mada alisema halipo, ila wasomaji wengine wanalo: kifua. Kikibana, kikilia filimbi, au kikohozi kikiamsha usiku, hiyo inaelekea pumu na mjadala wa kubaki na paka unabadilika kabisa. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo ikibadilika rangi, pulizia salbutamol, ile pampu ya pumu ya kufungua kifua, huku mnatafuta usafiri. Msisubiri asubuhi.

Kama hamna spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na kinywa, chupa ya maji ya ml 500 inatosha. Ioshwe na ikauke. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, iingie kwa kubana, ziba kingo kwa gundi au selotepu. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani. Puliza mara moja, avute na kutoa pumzi mara 5 taratibu, ndipo upulize tena. Kupuliza mara nne kwa mpigo ndani ya chupa ni kuipaka chupa dawa.

#33 Nyau_wa_Feri
Na anayetaka uhakika wa "ni paka au utitiri" kuna kipimo cha kuchoma ngozi. Tone la kila kinachoshukiwa mkononi, na tone moja tupu lisilo na kitu, sindano ndogo, dakika 15, uvimbe unaozidi ule wa tone tupu kwa milimita 3 unahesabika. Acha cetirizine wiki moja kabla, la sivyo mkono utakaa kimya na mtatoka na jibu la uongo. Ulizeni kliniki za pua, masikio na koo.

#34 Ubungo_Maziwa
Mbona mmeruka suala la kuzoea? Wapo wanaokaa na paka miaka mwili ukanyamaza. Watoto wa bweni wakirudi likizo ndiyo wanaanza chafya upya, kwa sababu mwili umesahau.

#35 Mama_Chetezo
Wapo, na wapo ambao kila mwaka wanazidi mpaka wanaingia pumu. Huwezi kujua uko kundi gani mpaka uchelewe. Njia ya kuzoesha inayosimamiwa ni sindano za daktari, miaka mitatu hadi mitano.

#36 Ubungo_Maziwa
Kwa hiyo kuzoea kupo.

#37 Mama_Chetezo
Kupo. Na mito ya sufi nayo ipo.

#38 Tabata_Relini
Hivi hakuna anayemtaja mende? Nyumba za uani wa pamoja, jiko moja, kinyesi cha mende ni mzio mkubwa tu. Na ukimtoa paka, paka akiondoka panya hutawala, mkojo wa panya nao una protini zake. Utakuwa umebadilisha mzio kwa mzio.

#39 Mganga_wa_Mbuzi
Na kama kuna vipele vya kuwasha kwenye vifundo vya miguu, hivyo ni viroboto, msiviweke kwenye hesabu ya Fel d 1.

#40 Kibaraza_Sinza
Shukrani wakuu. Mito imetoka leo. Kumhasi ni wiki ijayo, chumba kinafungwa, zulia linaenda kwa dobi.

#41 Dobi_Mstaafu
Zulia la manyoya usilipeleke kwa dobi, liuze. Na kapu la nguo safi liwekee kifuniko. Ukimfungia chumba halafu ukavaa shati alilolalia mchana kutwa, umemwingiza chumbani kwa miguu yako.

#42 Kibaraza_Sinza
Hapo kuna swali lingine. Kamba ya nguo iko uani, na kuna paka shume wa jirani anapenda kulala juu ya shuka zikishaanuliwa na kuwekwa kwenye beseni.

#43 Kidaka_Tonge
Kumbe paka ni wawili! Mada ianze upya.

#44 Mama_Chetezo
Anua mwenyewe, kunja hapo hapo kambani, ingiza ndani. Na moshi wa dawa ya mbu umeuzima, au bado?